Banda la Kuku Linalojipimia Joto: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji Mdogo wa Tabora

Siku nilipomaliza kufunga mitambo bandani, shangazi yangu alisimama mlangoni akaitazama taa ndogo ya bluu ikipepesa ukutani. "Haya mwanangu," akasema, "umeme ukikatika na hiyo inakatika?" Nikacheka, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wiki tatu baadaye, usiku mmoja wa Julai, nikaokota vifaranga 41 waliokufa kwa kulaliana kwenye kona. Na umeme haukuwa umekatika. Kilichokatika ni bando.

Nilikuwa nimenunua plagi janja ya bei nafuu, ile unayoiunganisha na Wi-Fi halafu unaiamuru kwa simu. Sikujua kwamba amri yangu ya kuwasha taa joto likishuka haikai ndani ya plagi. Ilikaa kwenye seva ya kampuni, huko ng'ambo. Kipimajoto kilipeleka habari ng'ambo, seva ikaamua, jibu likarudi mpaka Tabora kuwasha taa iliyoning'inia mita mbili tu kutoka kwenye kipimajoto hichohicho. Bando lilipoisha saa sita usiku, safari hiyo nayo ikaishia njiani.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa mfumo unaoamua mambo yake bandani, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mfano wangu ni banda la mita za mraba 20, kuku wa nyama 200, umeme wa gridi wenye mita ya LUKU. Mwenye kitalu cha nyanya au chumba cha uyoga atatumia vifaa vilevile, atabadili namba tu.

Julai na Oktoba

Tabora ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ndiyo maana Juni na Julai tunalala na blanketi. Usiku joto hushuka hadi kwenye digrii 15 hivi, ilhali kifaranga wa siku moja anataka digrii 32 mpaka 35 na bado ana malaika tu, hana manyoya. Ikifika Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana unapanda mpaka digrii 32 au 33, na chini ya bati ni zaidi ya hapo. Kuku wa wiki tano anataka digrii 21 mpaka 24. Huyo hafi kwa baridi. Anakufa saa tisa alasiri, mdomo wazi, mabawa yameachana na mwili.

Kwa hiyo banda moja linahitaji kazi mbili zinazopingana, na kosa la kwanza la wengi ni kununua kifaa cha kazi moja.

Banda kwanza, waya baadaye

Kama ubavu mrefu wa banda lako unatazama magharibi, hakuna kompyuta itakayokusaidia. Banda liwe limelala mashariki kwenda magharibi, ili jua la jioni lipige ule ukuta mfupi. Bati lipakwe chokaa au rangi nyeupe kabla ya Septemba. Mwembe upande wa magharibi unafanya kazi kubwa kuliko feni yoyote utakayoagiza. Ukuta uwe mfupi, juu wavu, na mapazia ya turubai yanayofungwa kutoka chini kwenda juu, ili hewa chafu ipate pa kutokea huku upepo haumpigi kifaranga.

Msongamano nao. Kuku kumi kwa mita moja ya mraba ni sawa Julai. Kundi litakalokomaa Oktoba mimi naweka wanane.

Pima wiki mbili kabla hujanunua kingine

Nunua bodi moja ya ESP32 na vihisi viwili vya joto na unyevu, basi. ESP32 ni bodi ndogo ya kompyuta, kama kiberiti, yenye Wi-Fi ndani yake. Kuhusu kihisi, DHT22 ni rahisi kupatikana na inatosha kuanzia, ikikosea kwa nusu digrii hivi. SHT31 ni bora, huvumilia zaidi na husoma unyevu kwa usahihi kuliko mwenzake. Ukiwa na uwezo, chukua SHT31. Wengi wetu huagiza Kariakoo, mzigo unakuja na basi; agiza bodi mbili, maana moja ikiungua siku ya Ijumaa utaisubiri nyingine huku vifaranga wakisubiri pia.

Mahali pa kihisi ndipo watu wanapoharibu. Wanakifunga ukutani usawa wa macho ya mtu. Kuku haishi usawa wa macho yako. Kwa vifaranga, kihisi kikae sentimita 5 hadi 10 juu ya maranda, pembeni kidogo ya duara la joto, kisiwe chini ya taa moja kwa moja. Kadiri kuku wanavyokua unakipandisha usawa wa migongo yao. Kiweke ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu mengi, kwa sababu vumbi la maranda litakiua ndani ya kundi moja. Kihisi cha pili kiweke kona iliyo mbali na taa.

Mwanzoni weka kipimajoto cha kioo pembeni ya vihisi kwa usiku mzima, ulinganishe. Kihisi kikizidi digrii moja, utakipunguza kwenye maelekezo ya bodi.

Wiki mbili hizi zitakufundisha banda lako. Mimi niligundua kwamba baridi kali haikuwa saa sita usiku bali karibu na alfajiri, na kwamba kona ya mlangoni ilikuwa na digrii nne chini ya katikati. Tatizo la kona hiyo liliondoka kwa gunia la salfeti chini ya mlango.

Usiache kuwatazama vifaranga wenyewe. Wakilaliana chini ya taa, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuhema, wanaona joto. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika kama punje za mahindi juu ya jamvi, achana na namba, nenda kalale.

Maelekezo yanayokaa ndani ya bodi

Programu ninayoitumia inaitwa ESPHome. Ni ya bure. Unaandika maelekezo kwenye faili moja kwenye kompyuta, unayasukuma ndani ya ESP32 kwa waya wa USB, na kuanzia hapo bodi inapima na kuamua yenyewe hata ruta ikiungua. Kuna programu mwenza, Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, ambayo inakaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na kukuchorea grafu nzuri na kukutumia taarifa kwenye simu. Ni tamu, lakini kwa banda moja haihitajiki. ESPHome inaweza kufungua ukurasa wake mdogo unaousoma kwa simu ukiwa jirani na banda, na ikikosa ruta, bodi inaweza kurusha Wi-Fi yake yenyewe. Ukiandika *local: true* kwenye *web_server*, hakuna bando hapo.

Sasa kuna mtego mmoja ulionikosesha usingizi siku nne. Bodi ikiwa na ESPHome, kwa kawaida yake, ikikaa dakika 15 bila kuipata Wi-Fi, au ikiwa imeambiwa itegemee Home Assistant na haimwoni, inajizima na kujiwasha upya. Kila dakika 15. Taa zinazima, zinawaka, usiku kucha. Nilimlaumu fundi, nikalaumu umeme, nikabadili chaja. Dawa ni mstari mmoja: penye *reboot_timeout*, kwenye Wi-Fi na kwenye *api* (sehemu ya kuongea na Home Assistant) pia, andika *0s*. Kama huna Home Assistant, futa sehemu ya *api* kabisa.

Kwenye maelekezo ya joto, weka pengo kati ya kuwasha na kuzima. Ukiiambia bodi iweke digrii 33 kamili, swichi italia tak-tak mara mia kwa saa na kufa mapema. Mimi wiki ya kwanza nawasha ikishuka 32 na kuzima ikifika 33 na nusu. Wiki ya pili nashusha digrii tatu, ya tatu tatu tena, mpaka wiki ya tano nifike 21 na taa zisihitajike. Unaweza kuifanya bodi ihesabu umri wa kundi yenyewe, lakini bila intaneti saa yake inapotea kila inapozimika, mpaka uiongezee kijisaa cha DS3231 chenye betri yake. Mimi nashusha kwa mkono kila Jumatatu. Inanilazimisha kuingia bandani.

Jambo jingine la kuandika: vihisi viwili vikipishana kwa zaidi ya digrii nne kwa dakika kumi, au kimoja kikinyamaza, king'ora kilie. Kihisi kilichofia kwenye digrii 36 kitaiaminisha bodi kwamba kuna joto, na taa hazitawaka asilani.

Umeme mkubwa: hapa mwite fundi

Bodi yenyewe ni ya volti 5 na haiui mtu. Taa na feni ni volti 230. Kama hujawahi kufunga sakiti breka, lipa fundi umeme mwenye leseni, msimamie, mweleze unachotaka. Ninachokitaka mimi ni hiki.

Taa tatu za joto za wati 250 kila moja, jumla wati 750, yaani ampea 3.3 hivi. Zikiwaka saa 12 mfululizo zinakula uniti 9. Zikiamuliwa na kihisi zinakula pungufu, na hapo ndipo mfumo unapoanza kujilipa. Kila taa ining'inie kwa mnyororo, isining'inie kwa waya wake, sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda. Maranda makavu na taa iliyoanguka ni moto, na moto wa banda hauachi wa kusimulia. Weka breka inayokata umeme unaovuja, ya miliampea 30, kwa sababu kuku wanamwaga maji kila mahali.

Kati ya bodi na taa kuna rilei, kile kiswichi kinachovutwa na umeme mdogo. Zile za bluu za bei rahisi zimeandikwa ampea 10. Zichukulie kama za tano. Feni zenye mota na mizigo mikubwa ipitishie kwenye kontakta, swichi kubwa ya kubeba mizigo mizito, rilei ikiiamuru kontakta tu. Nyingi za rilei hizi zinavutwa umeme wa pini (mguu wa bodi) ukishuka, kwa hiyo kwenye maelekezo utaandika *inverted: true*, la sivyo taa zitawaka unapotaka zizime. Usitumie pini namba 0, 2, 12 wala 15 za ESP32 kwa rilei, maana bodi inazisoma inapoamka na inaweza kugoma kuamka. Namba 34 hadi 39 haziwezi kuamuru kitu, kazi yake kusoma tu.

Halafu inakuja sehemu ninayoithamini kuliko zote, na haina kompyuta ndani yake. Nunua thamostati mbili za kizamani, yaani swichi zinazoendeshwa na joto lenyewe, zile za kuzungusha kwa mkono.

Ya kwanza inaingia kwenye njia ya taa kwa mfuatano, yaani umeme unapita kwenye rilei kisha kwenye thamostati ndipo ufike kwenye taa. Iweke kwenye digrii 37. Rilei ikigandia imewasha, na hugandia, thamostati inakata kabla vifaranga hawajaiva.

Ya pili inakaa sambamba na rilei ya feni, kila moja ikiwa na njia yake. Chagua yenye vituo vitatu na ufunge kwenye kile kinachounganika joto likipanda. Iweke kwenye digrii 33 kuku wakishamaliza wiki tatu. Bodi ikifa Oktoba saa nane mchana, feni inawaka tu.

Angalia mantiki yake: kwa taa, yeyote kati ya wawili anaweza kuzima, kwa feni, yeyote kati ya wawili anaweza kuwasha. Ukivigeuza umetengeneza mtego.

Na taa moja kati ya zile tatu, kwa siku kumi za kwanza, naiachia nje ya bodi kabisa. Inapita kwenye swichi ya ukutani na thamostati ya digrii 37, basi. Mchana wa jua naizima kwa mkono. Kama hesabu za bodi zikiharibika usiku, vifaranga wana mahali pa kukimbilia.

Hewa hata wakati wa baridi

Ukishapata joto zuri utajaribiwa kufunga mapazia yote. Asubuhi utaingia na macho yatakuwasha: hiyo ni amonia kutoka kwenye kinyesi, na kuku wameivuta usiku mzima. Feni ya kutolea hewa iwe na amri ya pili isiyojali joto: sekunde 60 kila dakika 10, mchana na usiku, kuanzia wiki ya pili. Iwe juu, isimpulizie kifaranga. Joto kidogo litapotea, lipia hiyo gharama.

Oktoba: somo la mtungi

Nani hajanywa maji ya mtungi Oktoba? Baridi kama yametoka kisimani. Mtungi huohuo Machi, mvua zikiwa zimeshika, maji yake ni ya vuguvugu. Maji yanapokauka kwenye ngozi ya mtungi yanabeba joto, na yanakauka haraka pale tu hewa ni kavu. Siri yote ya kupoza banda kwa ukungu wa maji ni hiyo.

Kwa namba: hewa ikiwa digrii 33 na unyevu asilimia 30, kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji husoma karibu digrii 21. Hiyo ndiyo sakafu, huwezi kushuka chini yake. Mfumo mdogo ukifanikiwa kwenda hata nusu ya njia, umeshusha digrii sita. Hewa ikiwa digrii 28 na unyevu asilimia 80, sakafu ni kama 25, na nusu ya njia ni digrii moja na nusu, huku maranda yakilowa na kukuletea koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Ndiyo maana nilisisitiza kihisi cha unyevu.

Mpangilio wangu kwa kuku waliozidi wiki tatu: digrii 27 feni ya kwanza inawaka, 29 ya pili, na zikifika 31 pampu inafungua ukungu kwa sekunde 20 kisha inapumzika dakika tatu, feni zikiendelea. Pampu ni ndogo ya volti 12, kama ile ya mashine ya kupulizia dawa, yenye nozeli za ukungu mwembamba. Sharti lake: unyevu uwe chini ya asilimia 70, na saa 12 jioni inafungwa hata kukiwa na joto. Weka chujio kabla ya pampu. Mchanga kidogo wa simtanki unaziba nozeli, na nozeli iliyoziba nusu haitoi ukungu, inadondosha matone.

Feni pekee haishushi joto la hewa, inamwondolea kuku joto la mwili. Kwa mkubwa ni nafuu, kwa kifaranga wa wiki moja ni baridi inayoua.

Umeme ukikatika

Tumerudi kwa shangazi.

Wengi hufikiri jibu ni betri kubwa. Piga hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu. Wati-saa 600 kwa taa za wati 750 ni chini ya dakika 50. Kwa joto, betri ni kutupa pesa. Joto la dharura ni mkaa: jiko mbili ziwe zimejazwa tayari nje ya mlango, na kiberiti mahali ambapo mkono unakijua gizani. Jiko liingie likiwa limeshashika, lizungushiwe wavu, na pazia la juu libaki wazi, kwa sababu mkaa kwenye banda lililofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo haichagui kuku na mtu.

Betri ndogo ina kazi yake. Ya ampea-saa 7, ile ya king'ora cha nyumba, inaweza kuibeba ESP32 siku nzima na zaidi, kwa kuwa bodi hula wati moja tu au pungufu. Feni ndogo ya volti 12 ya wati 50 unaweza kuiendesha usiku kucha kwa ile betri kubwa, kama unayo.

Lakini king'ora cha kukuambia umeme umekatika usikiachie bodi. Chukua rilei yenye koili ya volti 230, ichomeke kwenye laini ya banda. Umeme ukiwepo, koili inavuta. Ukikatika, inaachia, na kituo kilichoandikwa NC kinaunganisha betri na king'ora. Vitu vitatu na waya mbili. Haijali Wi-Fi, wala bando, na kitalia hata sababu ikiwa ni LUKU iliyoisha, jambo ambalo sote tunajua hutokea Jumapili usiku. Kiweke king'ora chumbani kwako.

Kabla vifaranga hawajafika

Washa kila kitu siku mbili kabla, banda tupu. Shika kihisi kwenye kiganja mpaka kifike digrii 34, taa zizime. Chomoa waya wa kihisi kimoja, king'ora kilie. Chomoa ruta, uende shamba kwa muda wa saa tatu, ukirudi ukute joto lilelile. Chomoa bodi yenyewe, pasha thamostati ya feni kwa pumzi au taa, feni iwake.

La mwisho lifanye usiku. Mwombe mtu wa nyumbani azime swichi kuu ya banda saa yoyote atakayotaka baada ya wewe kulala, asikwambie saa ngapi. Pima dakika kutoka king'ora kulia hadi jiko kuwa ndani. Mara ya kwanza mimi nilitumia dakika 26, kwa sababu kiberiti kilikuwa kimelowa. Aliyezima alikuwa shangazi, saa tisa na robo usiku.